Kamera haina miguu: ulinzi wa video wenye akili kwenye miji mipya ya kando ya maji

Siku ya Mungu muchana, watu wa Lubumbashi wanapenda kwenda karibu na maji. Mwenye gari anapeleka familia mpaka Kipopo. Mwingine anatembea upande wa Golf, kule hoteli ya Karavia inaangalia ziwa. Muji huu hauna bahari, wala muto mukubwa sawa ule wa Kinshasa, lakini iko na mito yake: Lubumbashi, Kafubu, Naviundu, Kiswishi. Na mahali penye maji ndipo wajenzi wanapenda kuweka macho.

Zamani kila mutu alinunua parseli yake, akajenga ukuta wake, akatafuta zamu wake wa usiku. Leo kuna namna ingine. Kampuni moja inachora muji muzima, na nyumba, ofisi, maduka, shule, hoteli na mahali pa kupumzika, kisha inauza vipande vyake. Karibu na Lubumbashi, muradi unaojulikana zaidi wa aina hiyo ni Kiswishi, wa kampuni Rendeavour, uliochorwa juu ya hekta karibu 4,000. Kampuni ile ile ndiyo inajenga Tatu City karibu na Nairobi. Kinshasa, katika komini ya Limete, Cité du Fleuve ilianza kujengwa mwisho wa miaka ya 2000 kando ya muto Kongo, juu ya muchanga uliovutwa toka ndani ya muto wenyewe. Plani yake ya kwanza ilizungumza juu ya hekta 375.

Miradi sawa hii inauza nyumba pamoja na usalama: ukuta mumoja, barieri moja, walinzi usiku na muchana, na siku hizi kamera zenye akili. Jambo hilo linagusa watu wengi kuliko wale wenye kununua. Linagusa mama mwenye kuuza mandazi kwenye barieri, kijana wa manseba anayeleta mugeni, zamu anayeogopa kama mashine itachukua kazi yake, na muvuvi ambaye baba yake aliweka nyavu mahali ambapo kesho kutasimama nguzo ya kamera. Makala haya yanaeleza kamera hizo zinafanya kazi namna gani, zinashindwa wapi, na mutu wa hapa anaweza kuuliza nini mbele ya kusaini mukataba.

Kamera yenye akili ni nini

Kamera ya kawaida inaandika tu. Kama mwizi alipita usiku, asubuhi mutu anaketi mbele ya sikrini na kurudisha picha saa kwa saa. Kamera yenye akili iko na programu, ndani yake yenyewe ao kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha ulinzi. Programu hiyo imefundishwa kwa picha nyingi sana mpaka inatofautisha mutu na mbwa, motokari na pikipiki, tawi linalotikiswa na upepo na mukono unaoshika ukuta.

Kazi zake za kila siku ni hizi:

- Mustari wa kuvuka. Fundi anachora mustari juu ya picha, kwa mufano kwenye ukingo wa ziwa. Mutu akiuvuka saa sita za usiku, alamu inalia.
- Kuhesabu watu. Mwenye duka anajua wangapi waliingia, na mwenye hoteli anajua kama daraja la miti limejaa kupita kiasi.
- Kusoma namba ya gari. Barieri inafunguka kwa gari la mukaaji. Pikipiki isiyo na namba, mashine haina kitu cha kusoma.
- Kitu kilichoachwa. Gunia ao sanduku likikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, zamu anaambiwa.
- Kutafuta katika picha za nyuma. Badala ya kuangalia saa nane za video, mulinzi anaomba "mutu mwenye shati nyekundu", na programu inamuletea vipande vichache.
- Kutambua sura. Mashine inalinganisha uso wa mupita njia na orodha ya nyuso. Hii ndiyo kazi yenye matata zaidi, na itaelezwa hapo chini.

Watu wengi wanafikiri kama kamera ikiona mutu, tayari inamujua. Tofauti ni kubwa. Kanuni ya kimataifa ya mafundi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka wa 2014, inahesabu piseli, ni kusema vidoti vidogo vinavyotengeneza picha. Ili kuona tu kama kuna mutu, piseli 25 kwa kila meta zinatosha. Ili kumutambua mutu ambaye mulinzi anamujua tayari, zinahitajika 125. Ili kusema huyu mugeni ni nani, 250. Kamera yenye upana wa piseli 2,560 inaweza basi kulinda ukingo wa meta 100 hivi kwa kuona tu kama kuna mutu, lakini kwa kujua sura ya mugeni inafaa kwa upana wa meta 10 peke yake. Kamera moja ya ukingo mrefu haiwezi kufanya kazi zote mbili. Muuzaji akisema inaweza, aombwe aonyeshe, usiku, mahali penyewe.

Juu ya nini kando ya maji ni kazi ngumu

Upande wa inchi kavu kazi inaeleweka: ukuta, barieri, taa. Upande wa maji hakuna ukuta, na watu wengi walinunua pale sababu hawataki kuona ukuta. Kwa hiyo kamera inapewa kazi ya ukuta, na hapo shida zinaanza.

Ya kwanza ni maji yenyewe. Mawimbi, mwangaza wa jua, ndege na majani yenye kuelea vinaonekana kwa programu sawa kitu kinachotembea. Kinshasa, majani ya maji ambayo watu waliyapa jina Kongo ya sika yanashuka na muto vipande vipande, na kipande kimoja kinaweza kuzidi mutumbwi. Kamera ambayo haikupangwa kwa maji itapiga alamu usiku kucha, na zamu atafanya kile mutu yeyote angefanya: atazima sauti. Siku ile mwizi anakuja na mutumbwi, hakuna mwenye kusikia.

Ya pili ni baridi na ukungu. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi baridi inaweza kushuka chini ya digri 10, na ukungu unalala juu ya maji. Kwa saa zile kuna kamera za joto, ambazo zinaona joto la mwili badala ya mwanga. Zinamuona mutu hata kwenye giza kabisa, na katika ukungu mwepesi zinaona vizuri kuliko kamera ya kawaida. Lakini hazionyeshi sura yake, na bei yake iko juu.

Ya tatu ni wadudu. Kamera nyingi za usiku ziko na taa ndogo yenye mwanga ambao jicho la mutu halioni. Wadudu wanakusanyika pale, buibui anawafuata na kufuma utando mbele ya kioo. Mafundi wenye uzoefu wanatenga taa na kamera, wanaweka taa meta chache pembeni, na wanapanga mutu wa kupangusa vioo. Wakati wa kiangazi mutu huyo huyo anapangusa vumbi.

Ya ine ni radi. Toka mwezi wa 11 mpaka wa 4 mvua za Katanga zinakuja na radi kali, na nguzo ndefu ya chuma kando ya maji ni mahali panapofaa kupigwa. Waya wa shaba unabeba pigo hilo toka nguzo mpaka kwenye seva. Waya wa fibra, wenye kupitisha mwanga ndani ya kioo, haubebi umeme. Zaidi ya hiyo, waya wa shaba wa mutandao unafika meta 100 tu, na ukingo wa ziwa ni mrefu kuliko hapo.

Kuna pia kazi moja nzuri ambayo matangazo yanasahau mara nyingi. Kamera inayoangalia maji inaweza kusaidia mutu mwenye kuzama. Mutoto akiteleza kwenye ukingo, alamu ya mustari inalia sawasawa na ile ya mwizi. Kama kuna mutu wa kuogelea, boya na kamba karibu, mutoto anaokolewa. Kama hakuna, kamera itakuwa na video ya namna alivyokufa.

Umeme, waya na disiki

Kila mutu wa Lubumbashi anajua delestaji. Katanga inapata umeme wa mitambo yake ya karibu, sawa Nseke, Nzilo, Mwadingusha na Koni, pamoja na ule wa Inga, unaosafiri kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi kwa laini iliyoanza kazi mwaka wa 1982. Migodi inakula sehemu kubwa. Muradi wa kamera unaotegemea SNEL peke yake utakuwa kipofu saa zile zile giza linapoingia katika muji.

Hesabu si ngumu. Kamera 200, kila moja ikikula wati 10, zinaomba kilowati 2, ni kusema kilowati-saa 48 kwa siku. Hiyo ni kamera tu. Seva, sikrini, mashine za kupoza chumba na taa za ukingo havijahesabiwa. Kwa hiyo betri, paneli za jua na jenereta yenye mafuta ya siku kadhaa viandikwe kwenye mukataba tangu mwanzo, pamoja na jina la kazi ya mutu anayelinda mafuta yenyewe.

Disiki nazo ni gharama. Kamera nzuri inatuma megabiti 4 hivi kwa sekunde. Kwa siku moja hiyo inakuwa gigabaiti 43. Kamera 200 zinajaza terabaiti 8 na nusu kwa siku, na kwa siku 30 zinapita terabaiti 250. Programu mpya za kubana picha zinaweza kupunguza karibu nusu. Lakini wenye miradi wengi wakiona bei, wanapunguza siku: kutoka 30 mpaka 14, ao 7. Hapo mukaaji aliyesafiri Likasi ao Kolwezi kwa kazi ya wiki mbili anarudi, anakuta mulango umevunjwa, na picha zimeshafutwa na zingine mpya.

Nani anakuja wakati alamu inalia?

Hili ndilo ulizo linalopita yote. Kamera inaona, lakini haina miguu.

Mwaka wa 2019 watafiti, Eric Piza na wenzake, walikusanya uchunguzi wa miaka 40 juu ya kamera za ulinzi katika inchi mbalimbali. Waliona kama mahali penye kamera makosa yalipungua kwa asilimia 13 hivi. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwenye maegesho ya magari. Kwa makosa ya kupiga na kuumiza watu, hawakuona mabadiliko ya maana. Na kamera zilisaidia zaidi pale ambapo kulikuwa mutu wa kuziangalia kwa wakati ule ule, na pale ambapo ziliunganishwa na njia zingine, kwa mufano taa na walinzi.

Mutu wa kuangalia naye iko na mipaka yake. Kitabu cha mwongozo kilichotolewa na wizara ya sheria ya Marekani mwaka wa 1999, juu ya usalama wa mashule, kilieleza kama nyuma ya dakika 20 tu mbele ya sikrini, akili ya watu wengi imeshachoka na hawaangalii tena inavyofaa. Hapa ndipo programu inasaidia kweli: inamuacha mulinzi apumzishe macho na kumuita wakati kuna sababu.

Kisha mulinzi ameona. Afanye nini? Kwa kawaida zamu wa kampuni hana bunduki. Mwenye bunduki ni polisi wa PNC, ndiyo maana mahali penye mali nyingi kunaonekana wote wawili kwenye barieri moja. Kama kati ya chumba cha kamera na polisi hakuna redio, simu yenye mkopo, gari lenye mafuta na njia inayopitika wakati wa mvua, basi kamera itaandika tu historia ya wizi.

Kwenye mitaa ya Katuba ao komini ya Kenya, mutu akipiga kelele usiku, jirani anatoka. Hakuna mashine pale, lakini kuna miguu. Muradi mupya wenye nyumba za mbali mbali na majirani wasiojuana umepoteza ulinzi ule wa kwanza, na lazima ulipe ili kuurudisha. Kwa sababu hiyo, zamu anayesikia kama kamera itachukua kazi yake ajue kama muradi uliopangwa vizuri unaomba watu wengi: wa kuangalia sikrini, wa kuzunguka ukingo, wa maji, wa kutengeneza. Kinachobadilika ni mafunzo yake. Mushahara wake nao unapaswa kufuata.

Sura ya mutu na makosa ya mashine

Kutambua sura kunauzwa sawa uchawi wa kisasa. Lakini mashine haisemi "huyu ni fulani". Inasema "huyu anafanana na fulani kwa kiasi hiki", na mutu mwengine ndiye aliyeamua kiasi gani kinatosha.

Mwaka wa 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za makampuni makubwa zilizokuwa zinasema kama uso ni wa mwanaume ao mwanamuke. Kwa wanaume wazungu, programu mbaya zaidi ilikosea kwa asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, makosa yalifika asilimia 34.7. Mwezi wa 12, 2019, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti juu ya programu nyingi za kutambua sura. Katika nyingi kati yake, kosa la kumuchukua mutu mumoja kuwa mwengine lilitokea mara 10 mpaka 100 zaidi kwa watu wa vikundi fulani, na Waafrika wa Magharibi na wa Mashariki walikuwa kati ya wale walioumizwa zaidi. Ripoti ilisema pia kama programu chache nzuri hazikuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo ulizo la kumuuliza muuzaji ni hili: programu yako ni ipi, na ilipimwa kwa nyuso za nani?

Hata kosa dogo linazaa watu wengi. Tuseme watu 20,000 wanaingia kwa siku, wafanyakazi, wanunuzi, wanafunzi, na programu inakosea mara moja kwa kila watu 1,000. Watu 20 wasio na kosa watasimamishwa kila siku. Mukaaji wa villa anaweza kupiga simu kwa mukubwa wake. Mama wa kufua nguo anayetoka Katuba kila asubuhi atasimama kwenye jua, na akikosa kazi mara mbili, anapoteza nafasi yake.

Jambo hilo limeshatokea kwingine. Mwezi wa 1, 2020, karibu na Detroit, Robert Williams, Mumarekani mweusi, alikamatwa mbele ya wanawe sababu programu ilisema anafanana na mwizi wa saa za duka moja. Alikaa karibu saa 30 ndani ya jela. Hakuwa yeye.

Waliotangulia

Inchi jirani zimejaribu, na kila moja inafundisha jambo.

Inchi ya Kenya, nyuma ya shambulio la Westgate la mwezi wa 9, 2013, ilipa Safaricom kazi ya kuunganisha polisi na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Uganda nayo, nyuma ya kuuawa kwa mukubwa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwezi wa 3, 2017, ilinunua kamera za Huawei kwa dola milioni 126. Zilielezwa kuwa za kupigana na wauaji. Mwezi wa 11, 2020, wakati wa maandamano nyuma ya kukamatwa kwa Bobi Wine, polisi ya Uganda ilikubali kama ilitumia kamera hizo kutafuta waandamanaji, na mamia walikamatwa. Kamera iliyowekwa kwa kazi moja inaweza kupewa ingine siku yoyote, kama hakuna karatasi inayokataza.

Kando ya maji kabisa, kuna mifano miwili ya mbali. London, kwenye eneo la King's Cross, pale mufereji Regent's Canal unapita, kampuni ilijenga ofisi, nyumba, maduka na chuo juu ya hekta 27. Mwezi wa 8, 2019, gazeti Financial Times lilifunua kama wapita njia walitambuliwa sura pasipo kuambiwa. Kampuni ilieleza kama kamera mbili ndizo zilifanya hivyo, toka mwezi wa 5, 2016 mpaka mwezi wa 3, 2018. Polisi ilikana kwanza, kisha ikakubali kama iliwapa picha za watu saba. Muradi wa kurudisha kazi hiyo uliachwa.

Toronto, inchi ya Canada, kampuni Sidewalk Labs, ndugu ya Google, ilichaguliwa mwezi wa 10, 2017 ili kuchora kartie yenye vipimo na kamera kila mahali, kando ya ziwa Ontario. Ann Cavoukian, mutaalamu wa faragha aliyewashauri, aliacha kazi mwaka mumoja nyuma, sababu hakupata uhakika kama habari za watu zitaondolewa majina mara tu zinapokusanywa. Mwezi wa 5, 2020, kampuni iliacha muradi, ikisema hali ya uchumi imeharibika. Wakaaji walikuwa wamepinga miaka miwili na nusu.

Sheria ya Kongo inasema nini

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, kifungu cha 31, inamupa kila mutu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Haki hiyo inaweza kuguswa tu pale sheria inaruhusu.

Tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, Kongo ilipata Code du numérique, kwa ordonnance-loi namba 23/010. Sehemu yake moja inahusu data za kibinafsi. Uso wa mutu unaosomwa na mashine ni data ya namna hiyo, na namba ya gari lake pia, na saa anayotoka nyumbani. Anayekusanya anapaswa kuwa na sababu inayojulikana, asitumie data kwa kazi ingine, azilinde, na amupe mutu njia ya kuuliza ni nini kimeandikwa juu yake na kuomba kisahihishwe.

Jirani wanaonyesha kama sheria ya karatasi inaweza kupata meno. Mwezi wa 9, 2023, ofisi ya kulinda data ya Kenya ilitoza klabu moja ya usiku ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya muteja pasipo ruhusa yake.

Watu waliokuwa pale mbele ya kamera

Maji hayakuwa matupu kabla ya muradi kufika. Mwanaantropolojia Filip De Boeck, aliyechunguza Kinshasa miaka mingi, aliandika juu ya wakulima wa muchele na wavuvi wa Malebo, ambao walitengeneza ardhi yao kwa mikono katika maji, na ambao miradi mikubwa ya kando ya muto inawasukuma.

Kamera yenye mustari inaweza kukamilisha kile ukuta ulianza. Muvuvi aliyepita kila alfajiri anageuka alamu. Lakini fundi anaweza pia kupanga tofauti. Programu inakubali saa: mustari ulale toka saa kumi na moja ya alfajiri mpaka saa moja. Inakubali njia: pale mitumbwi inapita, mustari usichorwe. Inakubali pia kitambaa cheusi juu ya sehemu ya picha, ili kamera inayozunguka isiangalie ndani ya nyumba za ng'ambo ya maji. Wahenga walisema macho hayana pazia. Haya ya kamera yanaweza kuwekewa, na kazi hiyo haiombi pesa mingi. Inaomba tu mutu aketi na shefu wa kartie na wavuvi mbele ya kuchora.

Ya kuuliza mbele ya kusaini

Mununuzi, mukaaji wa jirani, mufanyakazi ao mukubwa wa komini anaweza kuuliza haya:

1. Kila kamera ni ya kuona tu, ya kutambua, ao ya kujua sura? Iko wapi kwenye plani?
2. Delestaji ya saa 48 ikija, kamera ngapi zitabaki zinafanya kazi?
3. Picha zinakaa siku ngapi, wapi, na nani iko na ufunguo?
4. Je, kuna kutambua sura? Kama ndiyo, orodha ya nyuso ilitengenezwa na nani, na mutu anatoka ndani yake kwa njia gani?
5. Polisi wakiomba picha, wanaandika karatasi gani, na inawekwa kwenye daftari gani?
6. Mutu aliyesimamishwa kwa kosa anamulalamikia nani, kwa Kiswahili, na anajibiwa kwa siku ngapi?
7. Ubao wa kusema "hapa kuna kamera" umeandikwa kwa lugha gani?
8. Nani anapangusa vioo?

Mwishoni kuna jaribio moja lisiloomba fundi. Usiku, saa nane, pasipo kuwaambia walinzi, mutu wa muradi mwenyewe avuke mustari wa ukingo, na shahidi akiwa na saa mukononi. Wahesabu dakika toka alamu mpaka mutu wa kwanza kufika kwa miguu yake. Warudie wakati wa mvua, na tena wakati umeme umekatika. Namba hizo tatu ziandikwe kwenye mukataba, pembeni ya hesabu ya kamera.